Mbwa Anayekufuata Hadi Sokoni Si Mkaidi, Mkaidi Ni Wewe



Leo naweka kuku na mbuzi pembeni. Nazungumzia kile kijibwa kinachokufuata asubuhi ukitoka na kikapu. Unakirushia jiwe mara tatu, unadhani kimerudi, halafu ukifika sokoni unakikuta chini ya meza yako kinatikisa mkia. Hapa Mchikichini naletewa kesi hii mara kwa mara. Mtu ananipigia: "Bwana mifugo, huyu mbwa amenishinda." Nikimuuliza amemfundisha nini, ananijibu: "Namchapa, lakini hasikii."

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Mbwa huyo anasikia vizuri sana. Wewe ndiye uliyemfundisha kukufuata, na sasa unamchapa kwa sababu ameelewa somo.

Tazama ulivyomlea. Ulimchukua mdogo, akalala miguuni pako, kila ulipoinuka akainuka na wewe, ukacheka na kumsifu. Alipokufuata sokoni mara ya kwanza, muuza kuku akamrushia ngozi, muuza samaki akampa kichwa. Kwa hiyo akikufuata anapata mtu wake na anapata chakula. Akibaki nyumbani anapata mlango uliofungwa, njaa na upweke. Ungekuwa wewe, ungechagua lipi?

"Lakini huo ni uaminifu"

Wapo wanaojisifu kabisa: mbwa wangu hawezi kuniacha. Ndugu yangu, uaminifu huo unawagharimu wengine. Kuanzia hapa hadi Kariakoo kuna mikokoteni, bodaboda, mabasi ya mwendokasi pale Msimbazi, na makarai ya mafuta ya moto kila kona. Kijibwa cha kilo nne hakina nafasi katika msongamano huo.

Halafu kuna jirani zako. Wengi wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Nguo au ngozi iliyoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Mama mwenye meza jirani anajiandaa kwa sala ya adhuhuri, mbwa wako anamlamba mguu. Wewe unaona mapenzi, yeye umemwongezea kazi na umemvunjia heshima. Msimlaumu akimmwagia maji. Mwenye kosa ni aliyemleta.

Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Mbwa anayezurura hukutana na mbwa koko wasiochanjwa. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, tiba hakuna, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Ndiyo maana mbwa akishafikisha miezi mitatu tunamchanja, na tunarudia kila mwaka.

Mnyororo nao si jibu, na mimi nilikosea

Nilipoanza kazi, nimetoka chuoni na stashahada yangu, muuza nazi mmoja aliniletea tatizo hilihili. Nilimjibu haraka haraka: mfunge. Akamfunga nyuma ya nyumba, kutwa nzima, kamba fupi. Mbwa akabweka wiki ya kwanza, akanyamaza, tukadhani amejifunza. Kumbe alikuwa ameharibika. Mwezi wa pili mtoto wa mpangaji alifuata mpira wake karibu na kamba, akaumwa mkononi.

Mtoto alioshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, akapelekwa hospitali siku hiyohiyo, akachomwa sindano zote kwa awamu. Alipona. Mbwa alikuwa na chanjo, lakini mama yake hakupata usingizi mpaka sindano ya mwisho. Nilipokwenda kuwapa pole aliniuliza swali moja: "Afisa, wewe ndiye uliyesema afungwe?" Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo simshauri mtu amfunge mbwa kutwa kabla hajamfundisha kukaa.

Na fimbo? Ukimchapa umerudi jioni, hajui kosa ni la asubuhi. Anachojua ni kwamba ukirudi anapigwa. Hofu inamzidia, naye akiogopa anazidi kukung'ang'ania. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, awe wa kizungu au wa kienyeji.

Fanya hivi

1. *Mchoshe kwanza.* Alfajiri mtembeze kwa kamba, ajisaidie, akimbie kidogo. Mbwa aliyechoka hutulia haraka.

2. *Mpe mahali pake.* Gunia safi au shuka kuukuu, penye kivuli, na maji karibu. Chakula chake chote apewe hapo.

3. *Tumia neno moja.* Chagua "kaa" na nyumba nzima ilitumie hilohilo. Akikaa kwenye gunia, mpe kipande cha dagaa. Rudi nyuma hatua moja, msogelee tena, mpe kingine kabla hajainuka. Kesho hatua tatu, keshokutwa hadi mlangoni. Akiinuka usimkaripie, mrudishe kimya na uanze na hatua chache zaidi.

4. *Mzoeshe dalili za safari.* Amejua kwamba ukishika kikapu na funguo unaondoka, ndipo anapoanza kulia. Shika kikapu, kisha kaa unywe chai. Jifunge kanga au vaa kofia, kisha endelea kuosha vyombo. Rudia mpaka asijali.

5. *Toka kidogo kidogo.* Funga mlango, hesabu hadi tano, ingia. Kisha nusu dakika, dakika 1, 5, 15, nusu saa. Usiongeze muda mpaka ule wa mwanzo autumie ametulia. Akilia sana, umeruka hatua, rudi kwenye muda mfupi.

6. *Ondoka na rudi kimya.* Usimuage kama msafiri wa Mwanza. Ukirudi, weka mizigo, subiri atulie, ndipo umsalimie.

7. *Katika siku za mafunzo asiachwe peke yake kutwa.* Aachwe na mtu wa nyumbani. Ukimwacha saa nane wakati amezoea dakika tano, umebomoa kazi yote.

8. *Zungumza na jirani za sokoni.* Waombe wasimpe chochote. Akikufuata, geuka umrudishe bila kipigo. Ndiyo, utachelewa siku mbili tatu.

Wengi huanza kuona mabadiliko ndani ya wiki chache, wengine huchukua zaidi. Mbwa akijiumiza, akivunja mlango au akikataa kula kila ukitoka, mlete tumwangalie. Na mbwa aliyebadilika ghafla, anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayeuma ovyo, usimguse kabisa. Toa taarifa mara moja kwa afisa mifugo.

"Sina muda"

Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi, na ndilo linaloniudhi zaidi. Dakika tano asubuhi chai ikichemka, dakika tano jioni. Aliyeumwa na mbwa wako atapoteza siku nzima hospitali, tena zaidi ya mara moja, na nauli na gharama utazilipa wewe. Muda huo utautoa wapi?

Wewe wa kijijini usiseme haya ni ya watu wa Dar. Mbwa anayekufuata shambani ndiye anayekamata kuku wa jirani njiani. Anayekimbilia bodaboda uliyopanda kwenda mnadani ndiye anayemwangusha dereva. Na halmashauri ikianza kupunguza mbwa wanaozurura, hakuna atakayesimama kuuliza huyu ni wa nani.

Kama huna dakika kumi kwa siku za kumfundisha mbwa, usifuge mbwa. Mwachie mwenye nazo. Kama unazo, anza leo jioni: gunia moja, kiganja cha dagaa, neno moja. Ukikwama, njoo ofisi ya mifugo ya kata yako, na uje na kadi yake ya chanjo.

Kazi njema.