Haki ya Skuli Ipate Mtetezi

Tarehe 23 Septemba, 1964, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu katika visiwa vyetu itatolewa bila ya malipo na bila ya ubaguzi. Tangazo lile halikumtenga asiyeona, wala kiziwi, wala asiyeweza kutembea. Tokea hapo mengi yamefanyika. Elimu mjumuisho imeingia katika skuli zetu, na wapo walimu waliojifunza lugha ya alama na maandishi ya nukta nundu.

Sheria nazo hazikukosekana. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na nyingine mpya mwaka 2022. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaokataza mtoto kutolewa katika mfumo wa elimu kwa sababu ya ulemavu wake.

Lakini haki iliyoandikwa ni jambo moja, na kuipata ni jambo jengine. Tumchukue mzazi wa shamba anayeambiwa, "Mtoto huyu hatumuwezi, mrudishe nyumbani." Au mzazi wa Mji Mkongwe ambaye darasa la mwanawe limewekwa ghorofani, na mtoto anatembelea kigari. Hapewi barua, wala haelezwi wapi akalalamike. Huenda kwa sheha, kutoka hapo huelekezwa wilayani, kisha huambiwa asubiri. Muhula humalizika, mwaka ukapita, na mtoto yuko barazani akiwatazama wenziwe wakienda skuli.

Hatuwalaumu walimu. Mwenye darasa lililojaa, asiye na msaidizi wala vifaa, naye ana shida yake. Tunachosema ni kwamba pande mbili zinapokhitilafiana, haifai upande mmoja uwe ndio mlalamikiwa na ndio hakimu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Kabla yake, tokea 1992, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilikuwa kikiifanya kazi hiyo. Watu wamezoea kutafuta msaada huu kwa mashauri ya ardhi, talaka na matunzo ya watoto. Ni nadra mzazi kufikiri kwamba kunyimwa darasa nako ni shauri la kisheria.

Marekani ilipotunga sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1975, mzazi asiyeridhika alipewa haki ya kusikilizwa na mtu asiyefungamana na skuli, kufuatana na wakili, na mtoto kubaki darasani mwake mpaka shauri liamuliwe. Mwaka 1986 ikaongezwa kwamba mzazi akishinda, mahakama yaweza kuamuru alipwe gharama za wakili. Hatusemi tuige kila kitu. Mafunzo yake, hata hivyo, yanatufaa.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanaweza kuanza bila ya gharama kubwa. Kwanza, skuli yoyote inayomkataa mtoto au kumhamisha kwa sababu ya ulemavu itoe sababu zake kwa maandishi. Pili, mzazi aruhusiwe kufuatana na wakili au msaidizi wa sheria katika kikao chochote kinachomjadili mwanawe, na wasaidizi hao wafunzwe mambo ya elimu kama wanavyofunzwa ya ardhi. Tatu, mtoto asitolewe darasani kabla ya uamuzi, na uamuzi huo uwe na muda maalumu.

Shauri la shamba laweza kungoja miaka na shamba likabaki pale pale. Mtoto wa miaka saba hangoji. Kila mwaka unaopita ni darasa ambalo hatalirudia.

Wahenga wamesema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunaiomba Wizara ya Elimu na wanasheria wetu wakae pamoja, ili mzazi atakayeambiwa kesho "mrudishe nyumbani" awe na mtu wa kusimama naye.