Viwanda vya madawa hufuata fedha, havifuati maradhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaeleze wasomaji wenzangu machache kuhusu biashara ya madawa duniani. Mara kwa mara tunasoma kwamba kampuni fulani ya madawa imeongeza mauzo yake kwa mabilioni ya dola, na wengi wetu tunafungua ukurasa mwingine tukidhani habari hizo ni za wenye hisa wa Ulaya na Marekani tu. Sivyo. Namna makampuni hayo yanavyopanga kukuza mauzo ndiyo inayoamua ni dawa gani itafika katika zahanati ya kijiji, itafika lini, na kwa bei gani.

Hapana budi kwanza tufahamu mauzo hayo hukuzwaje. Njia ya kwanza ni hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kutengeneza na kuuza kitu chake peke yake kwa muda, kwa kawaida miaka 20. Katika muda huo bei huipanga mwenyewe. Muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa iliyo sawa na ile, na bei huporomoka. Kwa hiyo kila kampuni hufanya juu chini kuahirisha siku hiyo. Chukueni mfano wa Humira, dawa ya baridi yabisi ya kampuni ya AbbVie. Hataza yake kuu katika Marekani ilikwisha mwaka 2016, lakini kampuni ilikuwa imejizungushia hataza nyingine zaidi ya 100, na dawa za kushindana nayo hazikuingia katika soko hilo mpaka mwaka 2023. Ulaya ziliingia mwaka 2018. Mwaka 2022 dawa hiyo moja iliuzwa kwa dola bilioni 21 na zaidi. Ushindani ulipofika, mwaka 2024 mauzo yalishuka yakawa chini ya nusu ya kiasi hicho.

Njia ya pili ni kununua kampuni nyingine. Pfizer ilipata mauzo ya dola bilioni 100 mwaka 2022 kwa sababu ya chanjo na vidonge vya UVIKO-19. Mwaka uliofuata mauzo yalianguka hadi dola bilioni 58 na nusu. Kampuni haikungoja mavuno mengine yaote yenyewe. Mwaka huo huo wa 2023 iliinunua Seagen, kampuni ya dawa za saratani, kwa dola bilioni 43. Kwa mashirika makubwa, kununua uvumbuzi wa mwingine ni njia ya kawaida kama kuvumbua.

Njia ya tatu ni kuchagua maradhi. Ugonjwa wenye faida kubwa kibiashara ni ule usioua upesi wala kupona upesi, na ambao mgonjwa wake, au bima yake, ana uwezo wa kulipa kila mwezi. Ndiyo maana fedha nyingi ziko katika saratani, kisukari, na sasa unene. Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, inayotengeneza semaglutide, iliwahi kuwa kampuni yenye thamani kuliko zote za Ulaya mwaka 2023, na thamani hiyo ikapita pato la mwaka mzima la nchi yake. Lakini hata yeye hakukaa kileleni kwa raha. Eli Lilly ya Marekani ilikuja na dawa yake ya kushindana, na mwaka 2025 Novo Nordisk ilimbadilisha mkurugenzi wake mkuu na kutangaza kupunguza wafanyakazi 9,000.

Sasa nije kwetu. Kila unapofika wakati wa kingatiba, sisi walimu ndio tunaowagawia wanafunzi vidonge vya kichocho. Mtoto husimama kando ya fimbo ya kupimia urefu, nasi twasoma pale kichwa kinapofikia: huyu kidonge kimoja, huyu viwili, yule mkubwa vinne. Dawa hiyo ni praziquantel. Tangu mwaka 2007 kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani, hutoa vidonge hivyo bure kwa kupitia Shirika la Afya Duniani, na ni haki tuseme ahsante. Lakini iangalieni fimbo yenyewe. Kipimo chake huanzia sentimeta 94. Mtoto aliye chini ya hapo hana alama yake, ingawa naye hubebwa na mama yake hadi ziwani, huogeshwa humo, na hupata kichocho kama kaka yake. Praziquantel ilianza kutumika yapata mwaka 1980. Dawa ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo ilikubaliwa na wakaguzi wa Ulaya Desemba 2023, na mwaka 2025 watoto wa Uganda wakaanza kuipata. Ni zaidi ya miaka 40! Tena haikuletwa na hesabu ya mauzo. Ililetwa na umoja wa makampuni, vyuo na wahisani ulioundwa mwaka 2012, kwa sababu soko peke yake lisingeileta kamwe.

Je, kulikuwa na ugumu gani wa kisayansi? Dawa ilikuwapo, wagonjwa walikuwapo kwa mamilioni. Kilichokosekana ni mnunuzi. Mtoto wa miaka miwili wa kando ya ziwa ni mgonjwa, lakini katika vitabu vya biashara si mteja.

Mfano mwingine ni wa insulini. Waliovumbua insulini huko Toronto waliiuza hataza yao kwa chuo kikuu mwaka 1923 kwa dola moja kila mtu, wakitaka isije ikawa mali ya mtu mmoja. Miaka 100 baadaye, mwaka 2024, hospitali za umma za Afrika Kusini zilijikuta hazina mtu wa kuziuzia insulini ya kawaida iliyo katika kalamu za kujidungia. Mkataba wa Novo Nordisk ulikwisha nayo haikuomba zabuni tena, ikieleza kwamba uwezo wake wa kutengeneza una mipaka. Wagonjwa waliozoea kalamu wakarudishwa kwenye chupa na sindano. Na dawa zinazosifiwa za kupunguza unene nazo hutiwa katika kalamu za namna hiyo hiyo, na mnunuzi wake hulipa mara nyingi zaidi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ni mkakati wa mauzo umefanya kazi yake.

Wako watakaosema kwamba mwalimu huyu anataka makampuni yafanye kazi bure. La hasha. Utafiti una gharama kubwa, dawa nyingi hushindwa katika majaribio, na anayetia fedha zake hutaka zirudi. Ninalosema ni kwamba kukuza mauzo kuna njia mbili, nasi tuna haki ya kuuliza ipi inatufaa. Ya kwanza ni kuuza kidogo kwa bei kubwa. Ya pili ni kuuza kwa wengi kwa faida ndogo. Mwenye duka kijijini anaijua sana ya pili: mafuta ya kula huyauza kwa kipimo kidogo, sukari kwa robo, na jioni debe limekwisha.

Ushahidi kwamba njia ya pili inawezekana tunao. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Makampuni 39 yalikuwa mahakamani yakiishitaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya kutafuta dawa za bei nafuu. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitokeza na kusema itauza mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. India iliweza kwa sababu sheria yake ya mwaka 1970 ilikataa kutoa hataza kwa dawa yenyewe, ikatoa kwa njia ya kuitengeneza tu. Viwanda vyake vikajifunza kazi kwa miaka 30. Mwezi Aprili mwaka huo makampuni yale 39 yaliondoa kesi yao. Mwaka 2023 bei ya mseto bora kuliko ule ilikuwa imeteremka chini ya dola 45, na watu zaidi ya milioni 30 duniani walikuwa wakitumia dawa hizo. Bei ilipoanguka soko halikufa, ndipo lilipozaliwa.

Makampuni makubwa nayo yamelisoma somo hilo. Lenacapavir, sindano ya kuzuia maambukizi ya VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya zaidi ya 2,000 waliopewa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika Marekani kampuni ya Gilead iliitangaza mwaka 2025 kwa bei ya zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Papo hapo imeruhusu viwanda sita kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120, na mwaka huo wa 2025 ilitangazwa mikataba ya kuiuza kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia mwaka 2027. Tofauti ya 28,000 na 40 inatuonyesha jinsi bei ya dawa ilivyo mbali na gharama ya kuitengeneza. Lakini orodha ya nchi 120 imeandikwa na kampuni. Brazil, ambayo watu wake walishiriki katika majaribio, haimo. Leo tumo, kesho anayeandika ndiye anayeweza kufuta.

Basi matazamio ni yapi? Naona mambo mawili. La kwanza, miaka hii hataza nyingi kubwa zinafikia ukomo. Ile ya semaglutide katika India ukomo wake ni mwaka 2026. Keytruda, dawa ya saratani ya Merck ya Marekani (si moja na ile ya Ujerumani), iliyouzwa kwa zaidi ya dola bilioni 29 mwaka 2024, inatazamiwa kupoteza hataza yake kuu huko mwaka 2028. Mlango wa dawa za bei nafuu utafunguka. La pili, kisukari na shinikizo la damu vimeingia vijijini. Wagonjwa hawa watanunua dawa maisha yao yote, na makampuni yanalijua hilo. Sisi ndio soko la kesho. Swali ni kama tutaingia sokoni humo kama umma uliojipanga, au mmoja mmoja, kila mtu na noti yake mkononi mbele ya dirisha la duka la dawa.

Kwa maoni yangu, mkakati wetu uwe na mambo manne.

Kwanza, tununue pamoja. Bohari ya Dawa ilipewa jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa nchi za SADC. Nchi moja ikiomba bei husikilizwa kwa adabu. Nchi 16 zikiomba pamoja huitwa mezani. Kazi hiyo isiwe ya makaratasi.

Pili, tujue mahitaji yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Zahanati isiyoandika dawa iliyokosekana haiwezi kusaidia mkoa kukadiria, wala taifa kuagiza. Na deni la Bohari lilipwe kwa wakati, maana bohari isiyolipwa haiwezi kumlipa mwenye kiwanda.

Tatu, tujenge viwanda, lakini kwa hesabu. Umoja wa Afrika umeweka lengo la kutengeneza barani asilimia 60 ya chanjo tunazohitaji ifikapo mwaka 2040. Nchi maskini kuliko nyingine, ambazo nasi tumo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutokutekeleza hataza za dawa mpaka Januari 1, 2033. India ilikuwa na miaka 30. Sisi iliyobaki inahesabika kwa vidole. Tuhakikishe sheria zetu wenyewe haziufungi mlango huo. Viwanda vichague dawa chache zinazotumika sana, na serikali ivipe ahadi ya kununua kwa miaka kadhaa ili mwenye benki apate moyo wa kukopesha. Ubora usilegezwe kwa jina la uzalendo. Mamlaka yetu ya dawa ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Heshima hiyo ni mtaji.

Nne, fedha ziwe zetu. Soko la dawa za UKIMWI lilikuzwa na misaada ya Mfuko wa Dunia na ya Marekani. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge letu mwaka 2023. Wengi huiona kama kadi ya kwendea hospitali. Mimi naiona pia kama mfuko wa mnunuzi mkubwa, unaoweza kumwambia mwenye kiwanda: wateja wangu ni hawa, nitalipa, haya tuzungumze bei.

Ndugu Mhariri, makampuni yana wataalamu wanaokaa mchana na usiku wakipanga namna ya kutuuzia. Je, sisi tumewaweka wangapi wa kupanga namna ya kununua? Ningefurahi kama wahusika wa Wizara ya Afya na wa Bohari ya Dawa wangetujibu katika ukurasa huu huu, na hasa watueleze dawa ya kichocho ya watoto walio chini ya sentimeta 94 itafika lini katika shule na zahanati za kandokando ya ziwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ukerewe, Mwanza.