Picha ya ubao si noti kwa asiyeona

Siku hizi mwalimu akimaliza kipindi hupiga picha ubao, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Kwa mwanafunzi asiyeona, hapo hajatumiwa kitu. Simu nyingi za Android huja na TalkBack, inayosoma maandishi kwa sauti, tena bure. Lakini mwandiko wa chaki ndani ya picha mara nyingi huishinda. (Mwandiko wa baadhi ya walimu hata sisi tunaoona watutoa jasho.) Noti hizo hizo zikichapwa kwenye simu, anazisikia zote.

Tukitaja wasioona twafikiria shule yao ya Likoni, kumbe wengine wako madarasa ya kawaida na wenzao. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya elimu na vifaa. Mkataba wa Marrakesh, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unafungua njia ya vitabu kugeuzwa breli au sauti bila kumngoja mwenye hakimiliki.

Kwa hivyo naziomba bodi za shule zetu: kabla ya kulipia programu yoyote ya masomo, washeni TalkBack, fumbeni macho, mfungue somo moja. Likigoma, pesa zisitoke.