TUSINUNUE MOTO KARIAKOO: WAYA USOMWE KWANZA

Ndugu wanaushirika,

Katika Mkutano Mkuu ujao tutaamua juu ya fedha za kutia umeme ghala letu la korosho. Tayari maneno yamezuka chini ya mwembe. Wapo wanaosema eti hili ni jambo la fundi peke yake: tumpe fedha, apande gari aende Kariakoo, achague waya wa bei nafuu, na sisi tukae tungoje taa. Mimi nasema hapana. Fedha ni zetu, korosho ni zetu, na moto ukitokea utakuwa wetu vilevile. Waya tuusome wenyewe kabla shilingi haijatoka mkononi.

Nitazijibu hoja zao moja moja.

HOJA YA KWANZA: "Waya ni waya." Si kweli, ndugu zangu. Waya ulio bora umeandikwa mwilini, na maandishi yake yanajirudia toka mwanzo wa rola mpaka mwisho. Utakuta jina la kiwanda. Utakuta namba ya kiwango, kama IEC 60227 au BS 6004, au yenye herufi TZS, ambazo ni za kiwango cha Tanzania. Utakuta ukubwa wa shaba, kama 1.5 mm² au 2.5 mm². Na utakuta volti, yaani 300/500 V au 450/750 V. Yasiyoonekana mwilini yawe kwenye karatasi ya rola, na karatasi na mwili visipingane. Waya ulio mtupu kabisa ni kama mtu anayekataa kutaja jina lake. Kwa nini umkaribishe ndani?

Hapo kwenye volti ndipo watu wengi wanapochezewa. Muuzaji anakwambia: "Mzee, chukua huu wa 750, unabeba mzigo mkubwa." Uongo mtupu! Volti hazibebi mzigo. Namba ya kwanza ni volti ambazo gamba la waya linastahimili kati ya waya na ardhi. Namba ya pili ni kati ya waya mmoja na mwenziwe. Umeme wa TANESCO wa nyumbani ni volti 230, na ule wa mashine wa njia tatu ni volti 400. Kwa hiyo 300/500 inatosha na 450/750 inatosha. Anayebeba mzigo ni shaba iliyo ndani, na hiyo inaonyeshwa na ile mm². Fikirieni bomba la maji: unene wa ukuta wake ni kitu kimoja, na upana wa tundu lake ni kitu kingine. Fundi hutumia 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Ukisoma 750 ukasahau mm², umesoma nusu, na nusu hiyo haikusaidii.

Jambo jingine: ule waya mmoja mmoja wenye gamba moja tu lazima upite ndani ya bomba. Haufai kupigiliwa ukutani wazi, hata ukiwa umeandikwa 750. Na vile viwaya vyembamba vya spika visivyo na maandishi havina kazi kabisa katika soketi za ghala.

HOJA YA PILI: "Tuangalie bei, chama ni maskini." Haya, tuangalie bei. Kuna nyaya zinazong'aa kama shaba lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini inauzuia umeme zaidi ya shaba, kiasi cha mara 1.6 kwa ukubwa ule ule. Kwa hiyo kwa mzigo ule ule inapata joto zaidi. Kuna nyingine ni shaba kweli, lakini zimeandikwa 2.5 na ndani ni pungufu. Mlaghai amekuibia shaba, halafu akakuuzia joto.

Gamba la plastiki la nyaya zetu za kawaida limetengenezwa kwa joto la shaba lisilozidi nyuzi 70. Sasa nendeni saa saba mchana juu ya dari, chini ya bati, mkaone waya unaanzia joto gani kabla hata taa haijawashwa. Na mzigo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya linaongezeka mara nne. Msitegemee sakiti breka itawaokoa. Breka ya ampea 20 inahesabu ampea tu, haijui kwamba waya ulisema uongo. Ampea 18 zitapita na breka itanyamaza, huku waya bandia unaiva taratibu juu ya korosho zenu.

Jamani, sisi tuna mizani! Kila msimu tunagombana na karani kwa nusu kilo ya korosho, mbona hatupimi waya? Hesabu ni hii. Rola ya mita 100 ya 2.5 mm², shaba peke yake ni kilo 2 na gramu 200, bado hujatia gamba. Ile ya 1.5 ni kilo 1 na gramu 300. Rola ya yadi 100 ni mita 91 tu, kwa hiyo punguzeni kidogo, na bei nayo ipungue. Rola ya alumini iliyopakwa, chuma chake cha ndani hakifiki hata kilo moja. Kisha chukueni kisu, mkwangue ncha ya waya. Ukiona weupe ndani, rudisha.

HOJA YA TATU: "Fundi anajua." Fundi mwaminifu anajua, na tunamhitaji, tena awe na leseni ya EWURA. Lakini wapo mafundi wanaopewa cha juu na muuzaji, na hao wanachagua duka kwa faida ya mifuko yao. Fundi wa haki hakasiriki mwenye mali akisoma waya. Anayekasirika, tumuulize anaficha nini.

Simtukani mfanyabiashara wa Kariakoo. Wako wauzaji waungwana toka Msimbazi mpaka Gerezani, na mteja anayesoma huwasaidia hao, maana walaghai ndio wanaowaharibia soko. Lakini kumbukeni tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua. Siutaji moto ule kwa ajili ya chanzo chake. Nautaja kwa sababu mali ya watu wengi ilikuwa chini ya paa moja, ikateketea kwa usiku mmoja. Na ghala letu je? Ni jasho la nani lililo chini ya paa lile?

Kwa hiyo napendekeza Mkutano uamue hivi:

1. Fundi afuatane na wanachama wawili, na mmoja wao atoke darasa letu la kisomo cha watu wazima.

2. Rola isiyo na maandishi isinunuliwe, hata ikitolewa kwa nusu bei.

3. Waya ukwanguliwe na upimwe hapo hapo dukani. Muuzaji asiyekubali, tumwache, maduka ni mengi.

4. Risiti ya EFD ichukuliwe, iandikwe aina na ukubwa wa waya. Tukidanganywa, risiti hiyo ndiyo tutakayokwenda nayo TBS pale Ubungo, au Tume ya Ushindani, FCC.

5. Waya ukifika kijijini usomwe tena mbele ya wanachama kabla fundi hajaanza kazi.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu hawakushika kalamu wakiwa na mvi ili wasome kadi za harusi tu. Walijifunza ili wasidhulumiwe kwenye mizani na kwenye hati. Leo dhuluma imehamia kwenye waya, na maandishi yake ni madogo. Mwenye miwani aje nayo.

Tukutane Mkutanoni.

Ndugu yenu,
Katibu wa Tawi