Msilaumu deki, muulizeni aliyechoma diski

Kila msimu wa harusi ukipita, meza yangu hujaa deki nzima za DVD zilizoletwa kama mbovu. Maelezo ni yale yale: filamu za dukani zinacheza vizuri, lakini video ya harusi ya binti ikifika kwenye kukata keki, picha inakatika vipande vipande, sauti inakwama, kisha kioo kinaganda. Mimi ni fundi wa deki na redio hapa Morogoro, na nasema bila kumung'unya maneno: mara nyingi deki ni salama. Tatizo liko kwenye diski, na limetokana na aliyeichoma.

Diski ya kiwandani ina vishimo vidogo sana vilivyogongwa kwenye plastiki. Hii ya kuchoma haina vishimo, ina tabaka la rangi ambalo leza huliunguza ili kuacha alama. Ukichoma kwa pupa, alama hutoka hafifu. Tena uchomaji huanza katikati kwenda nje, na huko ukingoni ndiko makosa huzidi. Ndiyo maana ibada ya kanisani inapita bila shida, halafu ndafu, keki na zawadi ndivyo vinavyokwama.

Mpiga video hujitetea kwamba kwake inacheza. Kweli, kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikishindwa kusoma mahali hurudia tena na tena. Deki ina picha 25 za kuonyesha kila sekunde, haina muda wa kurudia.

Isitoshe, diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, kama saa 2 za picha nzuri. Wapiga video hushindilia harusi nzima hadi ukingoni kabisa. Wengine hutupia faili la kompyuta kama lilivyo, deki ya zamani isilitambue, au huacha diski bila kuifunga baada ya kuchoma. Lakini linaloniudhi kuliko yote ni karatasi ya kubandika. Juzi nimeshika diski yenye picha ya maharusi, imegandishwa kwa gundi, imevimba upande mmoja kwa joto. Ilipoanza kuzunguka iliyumba hadi mtetemo ukasikika kwenye meza. Lenzi itafuata vipi njia nyembamba kuliko unywele kwenye diski inayocheza hivyo?

Wapo pia mafundi wenzangu wanaobadilisha lenzi na kutoza hela ilhali wanajua deki haina ugonjwa. Hiyo ni dhuluma, na iachwe.

Najua nitaambiwa zama za deki zimepita, mteja apewe flashi. Apewe, ni jambo jema. Lakini bibi wa bwana harusi kule Mgeta ana runinga ya zamani na deki isiyo na tundu la flashi, naye hakuweza kusafiri siku ile. Diski ndiyo harusi yake. Mnaolipwa kwa kazi hii, chomeni kwa kasi ya 4 au 8 hata kama diski imeandikwa 16. Gaweni harusi kwenye diski mbili, andikeni majina kwa kalamu ya diski badala ya kubandika karatasi, kisha ichezeni yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye deki ya kawaida.

Nawe mteja, usimalizie malipo kabla hujaonyeshwa dakika za mwisho kwenye deki, si kwenye kompyuta. Na kama nyumbani una diski ya harusi au ya mazishi iliyoanza kusita, ipeleke leo ikahamishwe kwenye kompyuta. Rangi ile hufifia kwa jua na joto, na ikishafifia hakuna fundi anayeweza kuirudisha.