Keki Hutangulia, Chai Hufuata
Katika nyumba za chai za mtindo wa zamani nchini Japani, ambazo sakafu yake hutandikwa tatami, yaani mikeka minene iliyosukwa kwa nyasi, mgeni huletewa keki kwanza na chai baadaye, kwa sababu utamu uliobaki mdomoni ndio unaopokea uchungu wa matcha, ambayo ni chai ya kijani iliyosagwa ikawa unga laini, kisha ikapigwa ndani ya bakuli kwa kifagio kidogo cha mwanzi hadi ikatoa povu. Maji yake huachwa yapoe kidogo, hadi nyuzi 80 hivi, kwani jani lililounguzwa halisamehe. Keki inayopendwa sana ni kasutera, ambayo asili yake ililetwa Nagasaki katika karne ya 16 na Wareno, taifa lile lile ambalo merikebu zake zilifika Mombasa mwaka 1498. Na kwa kuwa msingi wake ni mayai, sukari na unga, bila siagi, aliyezoea mkate wa mayai wa Unguja ataitambua upesi, ingawa chini ya kasutera ya Nagasaki huwa na chembe nene za sukari zinazosagika menoni. Uzuri wa kikao hiki, kwa hakika, umo katika kungoja, na anayeuza matcha ndani ya gilasi ya plastiki ili mnunuzi ainywe huku akikimbilia treni amemuuzia rangi ya kijani tu, chai yenyewe amemnyima.