Mkono Uliopooza Upewe Ngoma

Sisi tunaotia saini ilani hii ni watu tuliopata kiharusi, ndugu wanaotuuguza, wataalamu wa fiziotherapia, wapiga ngoma na walimu wa muziki wa Dar es Salaam na Pwani. Leo tunaanzisha harakati ya kurudisha nguvu za mkono kwa njia ya muziki.

Kiharusi kiko majumbani mwetu. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 hapa Dar es Salaam, baada ya tofauti za umri kusawazishwa. Wengi wanaosalimika hurudi nyumbani na mkono usiotii. Wiki za mwanzo mazoezi yapo. Baadaye nauli ya kliniki inakosekana, mkono mzima unabeba kazi zote za kula, kuoga na kuvaa, na ule mgonjwa unalazwa mapajani. Usipotumika, ubongo nao unazoea kuishi bila huo mkono.

Tunaamini ubongo uliojeruhiwa unaweza kujipanga upya ukidaiwa kazi ileile mara nyingi, siku baada ya siku. Kuinua mkono mtupu mara mia kunakatisha tamaa. Mapigo mia ya ngoma yanaisha kabla wimbo haujaisha, na kila pigo lina jibu lake: mkono ukichelewa, sikio linajua papo hapo. Mdundo nao humwambia mtu lini pigo lijalo linafika, na mwili unajiandaa.

Mwaka 2007 Sabine Schneider, Eckart Altenmüller na wenzao walichapisha utafiti wao wa Ujerumani. Wagonjwa wasiowahi kujifunza muziki walipewa vipindi 15 vya nusu saa kwa wiki tatu. Vigoma vinane vya kielektroniki vilivyopangwa nusu duara vilizoeza bega na kiwiko, na kinanda kilizoeza vidole. Waliopata vipindi hivyo juu ya matibabu ya kawaida walisogeza mkono kwa wepesi na usahihi kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona walilinganisha muziki na mazoezi ya kawaida ya ziada. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na mikono yao haikutofautiana. Lakini katika kundi la muziki, wenye kuufurahia zaidi ndio waliosonga mbele zaidi. Hatutaficha hata moja kati ya matokeo haya. Mkono unapona kwa kazi iliyorudiwa, na muziki unampa mtu hamu ya kuirudia kesho.

Kwa hiyo tunatangaza:

1. Tutaanza na vyombo tulivyo navyo. Mgonjwa aketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote zikikanyaga sakafu. Dufu lianzie mapajani, lipande mezani, kisha lisogezwe mbele kidogo kidogo kila linapozoeleka, mpaka kiwiko kinyooke. Kiganja kikishindwa kukamata manyanga, mpini uviringishiwe kitambaa unenepe. Marimba ya mkono ni kazi ya kidole gumba.

2. Usalama kwanza. Mtaalamu ampime mgonjwa kabla ya kuanza, na dawa za presha ziendelee. Mtu yeyote asiuvute mkono uliopooza, kwa maana bega lililolegea huteguka upesi. Maumivu yakija, ngoma isimame.

3. Wimbo uchaguliwe na mgonjwa. Mpenzi wa taarabu apigiwe taarabu, wa kwaya kwaya, wa kaswida kaswida. Kasi ifuate mkono wake, ipande anapoiweza.

4. Tutapima. Mwanzoni na kila mwezi tutahesabu vipande vya mbao ambavyo mtu anavusha kwa dakika moja kutoka upande mmoja wa sanduku hadi wa pili. Tutaandika na habari za wasiopata nafuu.

5. Familia ifundishwe. Binti au mjukuu anayeshinda na mgonjwa ajue kuweka dufu, kushikilia kiwiko na kuona dalili za uchovu.

Tunavitaka vyuo vya fiziotherapia vifundishe matumizi ya mdundo, na vyuo vya sanaa viwaandae wanamuziki kukaa na mgonjwa kwa subira. Tunazitaka bima za afya zigharimie mazoezi ya mkono kwa miezi, maana wiki chache hazitoshi. Tunazitaka hospitali zitutengee chumba kimoja ambako kelele si kosa.

Hatutoi ahadi kwamba kila mkono utarudi ulivyokuwa. Tunaahidi kwamba hakuna mkono utakaoachwa kabla haujajaribiwa. Mpiga ngoma, tupe saa moja ya wiki yako. Mtaalamu, tuongoze. Nawe mwenye baba, mama au jirani aliyepata kiharusi, mlete, hata kama alipooza miaka iliyopita. Ataanza na ngoma moja na pigo moja, na sisi tutaitikia.